Upana wa Punda Wawili

Shemeji yangu Muema ndiye aliyepima njia yetu, na aliipima kwa punda.

Wakati huo baba mkwe alikuwa amefariki na shamba linagawanywa kati ya wanawe wawili, Muema na mume wangu Ndambuki. Shamba lilianzia juu kwenye barabara ya kwenda Machakos mjini, likateremka mpaka kisimani. Nyumba zetu zilikuwa huku chini karibu na maji. Kukaa barabarani kwenye vumbi, nani angetaka siku hizo? Muema akasema pawe na njia ya kutoka kisimani hadi barabarani, na iwe njia ambayo hakuna mtu atakayeigombania.

Akaleta punda wake wawili. Akawafunga madebe ya maji ubavuni, huku na huku, akawasimamisha mmoja akitazama juu na mwingine akitazama chini.

"Punda anayeenda na punda anayerudi," alisema. "Wakipishana bila kugusana madebe, watu wa boma hili hawatagombana mpaka Yesu arudi."

Tukaanza kupanda, Muema na Ndambuki wakiswaga punda, sisi wanawake nyuma na miche ya mkonge, tukipanda huku na huku pale punda walipopita. Katikati ya mlima punda mmoja akachoka na mambo yetu. Akajilaza na madebe yake yote, maji yakamwagika. Akapigwa, akabembelezwa, akavutwa masikio. Hakuinuka. Mwishowe Muema akasema, "Mzungukeni, mtaendelea." Tukamzunguka tukicheka, tukapanda mikonge kumzunguka, na tangu siku hiyo njia yetu ina kona kali katikati, pale punda alipolala.

Miaka ya tisini mtu wa ramani alikuja na vyombo vyake vya miguu mitatu. Alikuta mikonge imesimama mistari miwili, akafuata mikonge. Hakuna aliyemwambia aongeze, wala yeye hakuuliza njia hii itapitisha nini siku za mbele. Muema alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Njia yake sasa ilikuwa kwenye ramani ya serikali, kona na yote.

Mkonge nao una tabia yake. Unazaa watoto pembeni. Mtu akitaka kuongeza shamba, hahitaji kung'oa mpaka wala kumtukana jirani. Anangoja mtoto wa mkonge aote upande wa njia, kisha anakata mama. Mpaka umesonga hatua moja na hakuna mtu aliyesema uongo. Hivyo ndivyo njia ya punda wawili ilivyoanza kukonda, polepole, bila kelele, tukiwa tumelala na tukiwa macho.

Ndambuki wangu alifariki mwaka uliofuata ile mvua ya Elnino. Baada yake watoto wa Muema wakaanza kuuza ploti za juu, maana watu wanaofanya kazi Athi River na hata Nairobi walikuwa wanatafuta mahali pa kulala pasipo ghali. Nyumba zikaota. Kwanza za mabati, halafu za mawe, halafu za kupanda juu. Kisima kikabaki kile kile kimoja. Shule ya watoto wadogo ikabaki ile ya kanisani, madarasa mawili, watoto wanakaa wamebanana kama mahindi kwenye gunzi. Na njia ikabaki ile ile, tena ikipungua.

Pale kwenye kona ploti ilinunuliwa na Abdulghani, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Si mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane. Mke wake Safiya alinizoea, akija kutazama ujenzi ananiletea mahamri, tunakaa tunakunywa chai na kuwasema wakwe zetu. Abdulghani alijenga ghorofa moja, akaona ni vizuri, akaongeza ya pili na ya tatu. Ngazi za fleti akazitoa nje, zikashukia njiani.

"Ngazi tu, mama Kioko," aliniambia. "Ngazi si nyumba."

Mimi nilikuwa na sababu ya kuitazama njia ile kuliko watu wengine. Mwanangu Kioko alioa msichana kutoka Masinga, jina lake Mutindi. Mrefu, mpole, anacheka akiwa ameficha mdomo kwa kiganja. Mtoto wao wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, baada ya siku nzima ya uchungu. Ni msichana, akaitwa Syombua, ndilo jina langu. Daktari aliniita kando mimi mwenyewe akaniambia, kama mtu anayesema na bibi yake, "Susu, sikia vizuri. Huyu akipata mimba nyingine, asingoje uchungu ukolee nyumbani. Uchungu ukianza tu, awe barabarani anakuja. Kovu lile likipasuka ndani, hatutampata yeye wala mtoto."

Nililibeba neno hilo kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kigae.

Mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na sita, ukame ukiwa umetukausha mpaka mifupa, Mutindi akawa mjamzito tena. Mvulana akizaliwa angekuwa Ndambuki. Kwetu jina la babu halipotei, linarudi nyumbani na mtoto. Nilishaanza kumwita hivyo tumboni, kimyakimya, nikipita karibu na Mutindi jikoni. "Habari yako, mzee." Mutindi ananisikia, anaficha mdomo.

Ukame ule ndio ulionionyesha jambo la kwanza. Nchi yote ilikuwa rangi ya ngozi ya punda, lakini chini ya ukuta wa Abdulghani palikuwa na majani mabichi, marefu, yanang'aa. Mbuzi wangu wakapaona kabla yangu. Walipanyemelea, wakanusa, wakarudi nyuma. Mbuzi mwenye njaa akikataa majani, na wewe unasimama unafikiri. Nikaenda karibu, harufu ikanipokea. Shimo la choo la fleti lilikuwa limejaa, linatafuta pa kwenda.

Abdulghani akaleta lori la kunyonya choo. Lilipofika kwenye kona, likakwama katikati ya ngazi zake na ukuta wa jirani, haliendi, halirudi. Dereva akatoa kichwa dirishani akaniona nimesimama chini na kopo langu.

"Susu, njia hii mlipimia nini? Kuku?"

"Punda," nikamjibu.

"Basi mwite punda aje anyonye choo!"

Watu wakacheka kwenye ngazi, mimi pia nikacheka. Lori likarudi kinyumenyume mpaka barabarani likiwa limeacha rangi yake ukutani. Abdulghani akachimba shimo la pili kando ya la kwanza. Nilirudi nyumbani nikamtazama Mutindi akiosha vyombo, na kicheko kikaniisha. Nilikuwa nafikiria gari la kumbeba. Kama lori halipiti, pikapu nayo itapita?

Mwezi wa nane shemeji yangu Muema akafa. Alikuwa mzee na kifua kilimsumbua, hakuna mtu aliyeshangaa. Tulimleta kutoka chumba cha maiti kumzika nyumbani. Gari likaachwa juu, jeneza likabebwa mabegani, na kwaya ya kanisa mbele. Kwenye kona kwaya ikapita. Jeneza halikupita.

Walijaribu kuligeuza hivi. Wakajaribu vile. Kichwa kinagonga ngazi, miguu inagonga ukuta. Kwaya ikasikia nyuma kumenyamaza, nayo ikanyamaza, ubeti ukiwa nusu. Jua lilikuwa kali na inzi walikuwa wameanza kuja.

"Lisimamisheni," mtu mmoja akasema.

"Utamsimamishaje marehemu?"

"Sasa unataka tumzike hapa kwenye ngazi ya watu?"

Wakalisimamisha. Nilisikia mwili wa shemeji yangu ukiteleza ndani, ukatua chini kwa mshindo mdogo, kama mtu anayekaa. Wanawake wakaziba masikio. Mtu aliyepima njia hii kwa punda akaipita amesimama wima, pale pale punda wake alipolala. Mutindi alikuwa kando yangu ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Mwaitu," aliniambia baadaye, kama anavyomwita mama yake, tukiosha masufuria ya mazishi, "mimi nitapita wapi?"

"Utapita," nikamwambia.

"Amesimamishwa, mwaitu. Nimeona."

"Nimekwambia utapita."

Basi nikaenda mlango kwa mlango. Sikupiga kelele, mimi si mtu wa kelele. Nilikaa kwenye kila kochi, nikanywa kila chai niliyopewa, nikaeleza. Nilikwenda na ofisini pia, wanapopanga mambo ya ploti. Kijana mmoja wa huko alikuja akatazama, akatikisa kichwa, akapaka alama nyekundu ya kubomolewa kwenye ngazi za Abdulghani na kwenye kuta tatu nyingine. Baada ya wiki kuta zikapakwa rangi ya krimu, alama zikalala chini yake. Mvua ikinyesha zinatokea kidogo, kama kidonda chini ya bandeji.

Mwisho nikawaita nyumbani kwangu. Abdulghani alikuja na Safiya, na wenye ploti za juu wakaja, na Kioko akaja kutoka Athi River anakofanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Nilichinja jogoo.

Abdulghani ndiye aliyesema maneno mazuri kuliko wote. "Mama huyu hajaomba kwa ajili yake. Ameomba kwa ajili yetu sote. Leo ni mkwe wake, kesho ni mpangaji wangu moto umemshika juu kule, nani atamfikia? Mimi nasema hivi, kila mtu arudi nyuma hatua moja kubwa. Mimi nitavunja ngazi zangu nizipitishe ndani."

"Na nani ataanza?" akauliza mtu wa ploti ya juu.

"Tuanze siku moja."

"Sawa. Jumamosi."

"Jumamosi, inshallah."

Safiya akamtazama mume wake kwa jicho la pembeni. "Inshallah ya kweli au ile ya kumwambia fundi?"

Tulicheka sana. Wakapeana mikono, wakala jogoo, wakaenda.

Jumamosi ikafika. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe pale kona, Mutindi kando yangu anamsuka Syombua nywele. Fundi wa Abdulghani akaja na nyundo kubwa, akaketi kwenye ngazi. Mtu wa ploti ya juu akatoka mlangoni akamtazama. Fundi akamtazama yeye.

"Mbona hamuanzi?" nikauliza.

"Nimeambiwa nikiona huyu ameanza, nami nianze," akasema fundi.

"Na mimi nangoja ngazi," akasema mtu wa ploti ya juu. "Nikivunja ukuta halafu yeye asivunje, nitawaambia nini watoto wangu? Kwamba nilimpa Abdulghani uwanja wa kuegesha gari?"

Wakangojana mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kwa mbali kutoka mjini. Fundi akasimama akapangusa suruali, akaenda kuswali. Hakurudi. Mutindi alikuwa amemaliza kusuka zamani. Alizifumua nywele za mtoto akaanza upya.

Na sasa nifike kwa mwanangu.

Kioko alikuwa na kipande cha ploti upande wa pili wa kona, kando ya ule ukuta wa jirani, kinachotazamana na ngazi za Abdulghani. Hapo ndipo mikonge ya mwisho ilikuwa imesimama. Ilikuwa ya kwetu, haijasonga hata kidogo, maana niliilinda mwenyewe. Mwezi wa kumi nilirudi kutoka kanisani nikakuta imekatwa na msingi umechimbwa. Mawe ya machimbo kutoka Lukenya yamepangwa, mchanga umemwagwa njiani.

"Kioko, hii ni nini?"

"Duka, mwaitu. Chini duka, juu vyumba viwili."

"Kwenye njia?"

"Si kwenye njia. Kwenye mpaka." Alikuwa anachanganya saruji, hakuinua kichwa. "Wote wamechukua. Sisi peke yetu ndio tumeacha nafasi, tunawaachia wapangaji wa Abdulghani wapite na makochi yao. Sisi ni wajinga?"

"Na mke wako?"

Hapo akainua kichwa. "Nimefikiria, usidhani sijafikiria. Siku zake zikikaribia nitampeleka mjini kwa shangazi yake Winfred, akae karibu na hospitali. Hata uchungu ukianza atatembea kwa miguu. Njia hii hataihitaji."

Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili. Niliokota mkonge mmoja uliokatwa, bado ulikuwa unatoa maji, nikaupanda nyuma ya jiko langu.

Ukuta ukapanda haraka. Kioko anaijua saruji, ndiyo kazi yake, na hakuibania. Ukipiga ukuta ule kwa ngumi unasikia mkono wako tu. Mwisho wa mwezi njia pale kona ilikuwa inapitisha mtu mmoja, na mnene ageuke ubavu. Mchanga uliobaki na mawe yaliyobaki yakaachwa hapo hapo. Kwa siku mbili tatu tu, alisema.

Mvua ya mwaka huo ilikuja kwa hasira. Ilikuwa kama imekumbuka ukame wote na inataka kuulipiza. Mashimo ya choo ya Abdulghani yalijaa yote mawili, maji yakatoka chini ya ukuta yakashika njia, maana njia ndiyo pekee iliyokuwa wazi. Yakateremka mpaka kisimani. Tukaacha kisima. Tulikinga mvua kwenye masufuria na kunywa hiyo. Syombua alikuwa anasimama mlangoni akitazama maji meusi yakipita, anasema, "Susu, njia inatembea."

Kioko alipanga kumchukua Mutindi Jumapili. Uchungu ulimshika Ijumaa mchana, wiki mbili kabla ya siku zake, akianika nguo chini ya ukingo wa paa. Nilisikia beseni likianguka. Nilipotoka alikuwa ameshika nguzo, na uso wake ulikuwa umeniambia kabla ya mdomo.

"Tembea," nikamwambia. "Tembea sasa hivi, tupande."

Alitembea hatua chache akapiga magoti kwenye maji. Hakuweza. Nikapiga kelele. Miaka yangu yote watu wa pale hawakuwa wamenisikia nikipiga kelele, na kwa hiyo walikuja. Wapangaji walishuka ngazi, wengine bila viatu. Henry, jirani wa juu mwenye pikapu, akaita kutoka barabarani kwamba gari liko tayari, linanguruma. Nililisikia likinguruma. Lilikuwa karibu sana, ungerusha jiwe ungelipiga.

Tukamlaza kwenye kitanda changu, wanaume wakakiinua. Walipanda vizuri mpaka kona. Pale mchanga wa Kioko ulikuwa umeporomoka ukafungamana na mawe, na maji ya choo yamesimama nyuma yake mpaka magotini. Wakageuza kitanda hivi. Wakageuza vile. Kichwa kwenye ngazi, miguu kwenye ukuta.

Mtu mmoja, na nadhani hakufikiri, akasema, "Kisimamisheni."

"Wee!" Safiya alikuwa juu kwenye ngazi, wamekuja yeye na mumewe kutazama mafuriko. Alishuka na buibui lake ndani ya maji yale. "Huyu si maiti! Umenisikia? Huyu si maiti!"

Mutindi alikuwa amefumbua macho ananitazama. Midomo yake ilisema kitu, mvua ikakichukua.

Abdulghani alivua koti. Alimpokonya mlinzi wa fleti nyundo akaanza kuupiga ukuta wa Kioko, kwa sababu ndio mpya, ukuta ambao mtu anategemea utakubali haraka. Akapiga. Nyundo ikaruka. Akapiga tena, cheche zikatoka kwenye mvua.

"Huyu mtoto wako aliweka saruji ngapi?" akanipigia kelele, na alikuwa analia.

"Piga zako!" mpangaji mmoja akamwambia. "Piga ngazi!"

Akageuka akapiga ngazi zake. Zilikuwa za zamani, za mchanga mwingi, zikaanza kumeguka, lakini ndani zilikuwa na vyuma, na vyuma vikabaki vimejikunja kama vidole, vinazuia kitanda kuliko mwanzo. Mutindi akatoa sauti moja. Haikuwa ya uchungu wa kuzaa. Nimezaa, nimezalisha, naijua ile. Hii ilikuwa fupi. Halafu akatulia, na kutulia kwake ndiko kulikoniogopesha.

Tukaacha kitanda. Wanaume wakapanda juu ya ukuta wa Kioko wakaukalia kama farasi, wengine wakambeba kwa shuka kutoka chini, wakampandisha, mikono kwa mikono, juu ya duka ambalo halijaezekwa, akapita hewani kwenye mvua na damu ikidondoka kwenye mawe, wakampokea upande wa pili. Henry aliondoa gari mlango ukiwa bado wazi.

Mutindi aliishi. Madaktari walifanya kazi mpaka jioni. Walimwondoa mfuko wa uzazi, maana ulikuwa umepasuka kama yule daktari alivyosema. Mtoto alikuwa mvulana. Alikuwa mzito, ana paji la uso pana la Ndambuki, nililiona. Alipumua kidogo kwenye mashine, akapumua tena, na asubuhi akaacha. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Hakufika siku ya jina. Tulimzika akiwa hana jina, na jina la mume wangu limebaki lilipo.

Kioko alipotoka hospitali hakuja kwangu. Alipita moja kwa moja hadi kona, akachukua nyundo ile ile iliyokuwa imeachwa kwenye matope, akaanza kuvunja duka lake. Alivunja siku hiyo na iliyofuata, mikono ikitoka damu. Siku ya tatu fundi wa Abdulghani akaja akakaa kwenye mabaki ya ngazi, akamtazama kidogo, akasimama naye akaanza upande wake. Jioni mtu wa ploti ya juu akatoka na mtaimbo. Hakuna aliyemngoja mwenzake.

Njia ikafunguka. Sijawahi kuiona pana hivyo, hata siku ya punda. Lori la choo likaja likapita kona likanyonya mashimo yote, na dereva wake aliponiona hakunitania. Alivua kofia.

Nilidhani imeisha hapo.

Lakini njia pana ina macho yake. Krismasi ilipopita tu lori jingine likashuka, la mawe. Likafuatiwa na la mchanga, na la kokoto. Zamani halingefika huku chini. Sasa liliweza, na watoto wa Muema walikuwa wameuza mashamba ya chini pia, yale ya kuzunguka kisima. Walionunua wanajenga fleti mbili, zinatazamana, na kati yake wameacha nafasi ambayo nimeitazama sana asubuhi na jioni. Nilimuuliza fundi ni upana gani. Akaniambia ni ule uliopo kwenye ramani.

Mutindi amerudi, anatembea polepole. Hacheki, kwa hiyo kiganja chake kimekosa kazi. Mara nyingine namkuta nyuma ya jiko amesimama mbele ya ule mkonge nilioupanda. Umeshika. Umezaa mtoto pembeni.

Jana nilikuwa nimekaa kwenye jiwe langu pale kona. Mama mmoja kijana alikuwa anashuka kutoka ghorofa ya tatu ya Abdulghani, mpangaji mpya, simjui jina. Anashuka akiwa ameshika kiuno, kwa ngazi za mbao zilizowekwa mpaka za ndani zikamilike. Nikasimama nikamshika mkono kwenye ile ya mwisho.

"Asante, susu."

"Ni wa lini?"

"Wa mwezi wa nne." Akatabasamu. "Wanasema mvua itakuwa imeanza."

Nyuma yake, kwenye ukuta, mtu alikuwa amepanga mawe machache, safi, yameegemea upande wa njia. Nikauliza ni ya nani. Kijana mmoja akaniambia nisijali, ni ya siku mbili tatu tu.